Bibi anazikwa Jumamosi: nimuage wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Bibi yangu mzaa baba, aliyenilea mpaka nikamaliza sekondari, amefariki Jumanne. Tunamzika Jumamosi hii Rombo. Ukoo umenichagua niseme kwa niaba ya wajukuu, lakini paroko ameleta ujumbe kwamba kanisani hataki hotuba. Nimeanza kuandika, "Bibi alikuwa mpole, mkarimu, mcha Mungu", nikakwama hapo. Ninachokumbuka zaidi ni fundo la pindo la kanga yake: sadaka yetu wajukuu wote ilikuwa inatoka humo, na alikuwa akilifungua kwa meno wakati wa vipaji. Binamu zangu wawili wameokoka, wanasema kumwombea mtu akishakufa ni kazi bure, na mmoja hataki hata kuingia kwenye Misa. Mimi naogopa kutazama ndani ya jeneza. Na kuna jambo linanitesa: wiki moja kabla hajafa alinipigia simu nikiwa kazini, nikamwambia nitampigia jioni. Sikumpigia. Nimuage vipi, na nimuagie wapi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Pole sana na msiba, na pole tena kwa kupewa kazi ya kusema mbele za watu wakati koo lenyewe limekauka.

Nianze na paroko, maana naona amekuacha na donge. Hajawanyima wajukuu kitu. Maelekezo ya Misale ya Roma, kitabu cha kuadhimishia Misa, yanataka Misa ya mazishi iwe na homilia, yaani mahubiri, fupi, na yanakataza homilia hiyo isigeuzwe hotuba ya kumsifu marehemu. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, nayo imelirudia katazo hilo, namba 1688. Kwa hiyo anayefungwa mdomo wa kwanza ni padre mwenyewe. Nami naona ni busara. Misa ile ni ya kumwombea bibi yako; tukishasimama mmoja baada ya mwingine kutangaza kwamba alikuwa malaika, tutakuwa tunamwombea nini? Nimekaa kwenye mazishi ambayo marehemu alisifiwa mpaka padre akakosa pa kuanzia. Ziko nchi ambako ndugu mmoja huruhusiwa maneno machache baada ya sala ya Komunyo, kabla ya sala za kumuaga marehemu, na hata kwetu wapo maparoko wanaoruhusu. Wenu hakuruhusu. Usimbishie, na usimtume baba mkubwa akambishie.

Kanisa Katoliki haliagi mara moja tu. Utaratibu wa mazishi uliotolewa Roma mwaka 1969, ambao ndio msingi wa kitabu atakachoshika padre wenu, unatambua vituo vitatu: nyumbani, kanisani na kaburini, na kila kimoja kina namna yake ya kuaga. Watu hupata taabu wanapotaka kufanya kanisani mambo ya nyumbani. Hadithi zako, na kilio chako cha sauti, mahali pake ni nyumbani. Kwa hiyo Ijumaa usiku ni muhimu kwako kuliko unavyodhani, huenda kuliko Jumamosi yenyewe.

Mwili ukifika kutoka mochwari jioni ile, jumuiya itakuwa imeshatangulia. Kina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, watakuwa mkekani, wazee kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, katekista na kitabu chake chini ya taa. Itasaliwa Rozari, na kwa kuwa ni Ijumaa yatakuwa Matendo ya Uchungu, kuanzia jasho la damu bustanini mpaka msalabani. Kila fungu likiisha utasikia "Raha ya milele umpe ee Bwana", na uwanja mzima utaitikia "na mwanga wa milele umwangazie". Usiwe jikoni wakati huo. Najua wajukuu wa kike ndio wanaokamatwa kupika chai ya mkesha. Mtafute mtu akushikie sufuria nusu saa, ukakae karibu na jeneza usali na wenzako. Mtu aliyefiwa sala humkatikia mdomoni. Ndiyo maana inasaliwa kwa pande mbili: ukishindwa upande wako, upande wa pili unaendelea.

Baada ya Rozari na Salamu Malkia huwa kuna mwanya kabla kwaya haijashika tena. Watu wanakunywa chai, wazee wanaanza "mimi huyu mama nilimfahamu mwaka fulani". Hapo ndipo pa kusimulia mambo marefu. Hakuna mshereheshaji wa kukuangalia saa, hakuna kipaza sauti. Simulia na usikilize pia, maana wapo vikongwe watakaoleta habari za bibi yako akiwa msichana, habari ambazo hata baba yako hazijui. Kama una daftari, andika. Zile ndizo zitakazopotea wakifa wao.

Jumamosi asubuhi, kabla jeneza halijafungwa kuelekea kanisani, ratiba nyingi za huko kwenu zina nafasi ya kusoma wasifu wa marehemu. Wasifu ni wa baba mkubwa: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, ndoa, watoto, kuugua kwake. Wewe usirudie hata mstari mmoja wa huo. Mwombe mshereheshaji, leo, si asubuhi yenyewe, akupe dakika tatu mara wasifu unapoisha. Dakika tatu ni ukurasa mmoja na nusu wa daftari, mwandiko wa kawaida.

Sasa hayo maneno. Yale matatu uliyoanza nayo yafute. Kila marehemu anayezikwa Rombo alikuwa mpole, mkarimu na mcha Mungu; tumeyasikia mpaka hayasikiki. Lakini lile fundo la kanga ni la bibi yako peke yake, na umelitaja kwenye barua kama jambo la kupita tu. Anzia hapo. Sema: "Bibi alikuwa na fundo kwenye pindo la kanga yake. Padre akimaliza homilia, wakati wa vipaji, sisi wajukuu tulikuwa tunamtazama akilifungua kwa meno." Kisha sema mlikuwa wangapi kwenye benchi, zilikuwa sarafu za shilingi ngapi, nani alijaribu kuficha yake akanunulie kashata na bibi alimfanyaje. Usieleze kwamba hiyo inaonyesha alikuwa mkarimu. Wameshaona. Ukiwa na kidosari chake kimoja cha kuchekesha, kiweke: alikuwa mbishi wa bei sokoni, alikuwa hataki mtu aguse redio yake, lolote. Watu wakicheka msibani hawajakosa adabu, wamemkumbuka.

Mwisho wa maneno yako ndipo wengi wanapoharibu. Wanasema "lala salama bibi, kazi ya Mungu haina makosa", sauti inakatika, wanatolewa wameshikwa mabega. Fanya hivi badala yake: mtaje kwa jina lake la ubatizo, waombe watu wamwombee, halafu anzisha wewe mwenyewe "Raha ya milele umpe ee Bwana". Umati utaitikia. Wewe utakaa chini wakati sauti ni zao. Karatasi ya pili mpe binamu mmoja asimame nyuma yako. Ukishindwa katikati, anapokea pale ulipoishia, na hakuna atakayeona ni ajabu.

Kulia kwenyewe usikuogope. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Thagaste, mji ulioko Algeria ya leo, alimzika mama yake Monika mwaka 387 huko Ostia, bandari ya Roma, yeye akiwa katika mwaka wake wa 33. Mama yule alikuwa ameshaandaa kaburi lake kwao, kando ya mumewe, na miaka yote alitaka azikwe hapo, kama wazee wetu wanavyotaka kihambani, kwenye shamba la ukoo. Alipoona anafia ugenini akawaambia wanawe wauzike mwili popote, wasihangaike. Alichowaomba ni kumkumbuka kwenye altare ya Bwana, popote watakapokuwa. Augustino akajikaza. Mwanawe Adeodatus, kijana mdogo, alipoangua kilio walimnyamazisha. Augustino akaenda kuzika, akarudi macho makavu. Akaenda kuoga, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba kuoga huondoa huzuni, na anasema wazi kwamba huzuni haikutoka. Mpaka alipolala, akaamka, akakumbuka beti za wimbo wa Ambrosi, askofu aliyembatiza, ndipo machozi yakamshuka akiwa peke yake. Akaandika kwamba anayemwona mkosefu kwa kumlilia mama yake sehemu ndogo ya saa asimcheke. Kama ana upendo, amlilie yeye Augustino dhambi zake. Huyo ni mwalimu wa Kanisa, na hakuweza kuruka hatua hiyo. Lia Ijumaa usiku, lia mpaka uchoke, Jumamosi utasoma vizuri zaidi.

Turudi kwenye simu.

Naweza kukuambia kwamba mtu mwenye kazi hukatisha simu kumi kwa siku, kwamba bibi yako aliyajua hayo na hakukuwekea kinyongo. Ni kweli, na najua haitakusaidia, maana hilo hujalikosa. Unalolikosa ni namna ya kumwambia. Kwa hiyo mwambie. Ijumaa usiku wa manane watu hupungua pale jeneza lilipo, wanabaki wawili watatu wanaosinzia. Kaa hapo umwambie kwa sauti, kwa Kichagga kama ndicho mlichokuwa mnaongea, kwamba ulisema utapiga na hukupiga. Kisha sali "Nakuungamia". Sala hiyo tumeikariri tangu utoto na hatuisikii tena, lakini baada ya mawazo, maneno na vitendo inataja kosa la nne: "na kwa kutotimiza wajibu". Simu yako iko hapo. Nasema uisali Ijumaa kwa sababu Jumamosi padre akipokea mwili mlangoni kwa maji ya baraka, huenda sehemu ya toba ikaachwa, nawe ukabaki unaisubiri. Na kama mapadre wanaungamisha kabla ya Misa, nenda. Huhitaji kuona ni dhambi kubwa ndipo uiseme. Ukifika pale iseme tu.

Sala ile inaisha kwa kuwaomba watu wakuombee. Kwa Mkatoliki, bibi yako hajatoka katika hesabu ya hao watu. Katekisimu namba 958 inasema kumwombea marehemu kunamsaidia yeye, na kunayapa nguvu maombezi yake kwa ajili yetu. Yaani ukimwombea, naye ana la kukufanyia. Yule mama aliyekuwa akikufungulia fundo kila Jumapili hajaacha kazi.

Hapo nimeshagusa la binamu zako, nami sitalirefusha. Ukitaka kujua Wakatoliki wanategemea nini, soma Kitabu cha Pili cha Wamakabayo 12:43-46, Yuda Makabayo akichangisha fedha ili sadaka itolewe Yerusalemu kwa ajili ya askari waliokufa. Binamu zako watakujibu kwamba kitabu hicho hakimo kwenye Biblia yao, na ni kweli hakimo. Basi mjadala umeishia hapo, na msiba haukuitishwa kwa ajili hiyo. Kilichopo ni kwamba huyo bibi ni wao pia. Anayekubali kuingia kanisani akae na familia benchi la mbele, aimbe anachokijua, asipange foleni ya Komunyo. Hakuna atakayemlazimisha zaidi ya hapo. Anayekataa asisutwe. Mpeni kazi ya kubeba jeneza kutoka kanisani hadi nyumbani, au asimamie magari. Nimeona watu waliogoma getini wakaingia wenyewe wimbo wa pili ulipoanza, kwa sababu tu hakuna aliyewatazama.

Kanisani, angalia vitu, maana ndivyo vitakavyozungumza badala ya hotuba. Maji ya baraka mlangoni ni ya ubatizo wake. Kitambaa cheupe juu ya jeneza, kama parokia yenu inacho, ni lile vazi jeupe alilovikwa siku ile. Mshumaa mkubwa wa Pasaka utawashwa karibu naye. Miguu yake itaelekea altare, kama alivyokuwa akikaa na kutazama mbele Jumapili zote. Padre akifa ndiye huelekezwa uso kwa watu. Ubani unaofukizwa ni heshima kwa mwili, kwa sababu ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu: mikono ile iliyochuma kahawa, meno yale yaliyofungua fundo.

Kama unataka sauti yako isikike humo ndani, omba usome somo la kwanza. Mwambie katekista leo, somo la Hekima 3:1-9 linaruhusiwa na ni zuri: roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu. Hakuna paroko atakayekunyima hilo kama unasoma vizuri, na kwa maoni yangu ni heshima kubwa kwa bibi kuliko dakika kumi za kipaza sauti. Lakini usilie kwenye ambo, mimbari ya kusomea. Ukihisi utalia, mpe mdogo wako. Na utangulizi wa sala kuu ukifika, sikiliza mahali panaposema kwamba kwa waamini uzima hauondolewi, unageuzwa tu. Watu wengi wakati huo wanahesabu bahasha za rambirambi.

Kisha, baada ya Komunyo, padre atashuka mpaka kwenye jeneza. Hii ndiyo kuaga kwenyewe. Atawaalika kusali, kutakuwa na kimya, na nakuomba usikijaze kwa kutafuta leso. Maji tena, ubani tena, huku kwaya ikiwaita watakatifu na malaika wa Bwana wampokee. Katekisimu namba 1690 inaiita salamu ya mwisho ya jumuiya kwa mwenzao kabla hajapelekwa kaburini, na inamnukuu Simeoni wa Tesalonike, askofu wa Mashariki aliyefariki mwaka 1429, kwamba hata tukifa hatutenganishwi, kwa kuwa sote tunakimbia njia moja na tutakutana mahali pamoja. Kazi yako hapo ni kuitikia kwa sauti. Wewe mjukuu ukiitikia "Amina" ukiwa umesimama hatua mbili kutoka kwake, umeshamuaga. Mengine yote ni nyongeza.

Kutazama ndani ya jeneza hakumo katika ibada. Hakuna sala inayokudai ufanye hivyo, wala bibi hataona umemdharau ukipita nje ya foleni. Wapo wanaohitaji kuona uso ndipo waamini, na wapo ambao uso ule huwafuata miezi. Kama hujui wewe ni yupi, nenda mapema, Ijumaa, na shangazi akiwa amekushika mkono, kabla foleni ya kijiji haijaanza. Simama upande wa miguu kwanza. Anza kutazama mikono. Kwa kawaida itakuwa imezungushiwa rozari, na mikono huitambui kwa hofu, unaitambua kwa mazoea. Ukiweza, ndipo upandishe macho. Ukishindwa, weka kiganja juu ya jeneza, sali Salamu Maria moja, toka.

Ila ongea na ukoo mambo mawili. Jeneza lifunguliwe nyumbani, lifungwe nyumbani, lisifunguliwe tena kanisani baada ya Misa. Nimeona ibada nzuri ikivurugika katika robo saa ya foleni, mayowe, watu kuzimia na kwaya kutojua iimbe nini. Na mtu mmoja asimamishwe kuzuia simu. Uso wa bibi yako si wa kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mwache mpiga picha apige umati, msalaba, mashada; uso hapana.

Kaburini mambo huenda haraka, na ni sawa. Kuzikwa kihambani si pungufu ya kuzikwa makaburi ya parokia: sheria ya Kanisa inataka kaburi lisilo katika eneo lililobarikiwa libarikiwe lenyewe, na padre au katekista atafanya hivyo kabla jeneza halijashuka. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyeagwa na dunia nzima, alizikwa nyumbani Butiama tarehe 23 Oktoba 1999, karibu na wazazi wake. Ukiitwa kuweka udongo, chukua kwa mkono, usitumie koleo. Mashada yataitwa kwa makundi, na kutakuwa na ugomvi mdogo wa nani aitwe kabla ya nani. Wajukuu huwa mwishomwisho. Kaeni kimya. Hotuba za viongozi zikianza, unaruhusiwa kukaa chini.

Jambo la mwisho ni arobaini, kwa kuwa najua Jumapili utakuwa kwenye basi la Dar. Binamu zako wataibeza nayo, na hata Wakatoliki wapo wanaodhani tumeazima kwa Waislamu. Mwaka 395, zaidi ya karne mbili kabla ya Uislamu, Ambrosi yuleyule wa Milano alihutubia siku ya arobaini baada ya kifo cha Kaisari Theodosius, akaeleza kwamba Wakristo wengine hushika siku ya tatu na ya thelathini, wengine ya saba na ya arobaini. (Ndiyo, ile ilikuwa hotuba ya kumsifu marehemu, tena ya askofu. Usimpelekee paroko wako hoja hiyo.) Arobaini si amri, na haidai ng'ombe wala sare za vitenge. Inadai Misa. Halafu kuna Novemba: tarehe 2 ni siku ya Marehemu Wote, na kuanzia tarehe 1 hadi 8 Kanisa linatoa rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu ya dhambi, kwa ajili ya marehemu kwa anayezuru makaburi na kusali, akiwa ameungama, amekomunika na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Si lazima liwe kaburi la bibi. Ukiwa Dar, makaburi yoyote ya huko yanatosha.

Kwa hiyo kabla hujapanda basi, pita ofisi ya parokia uandikishe nia ya Misa kwa jina lake la ubatizo, na sadaka yake ulipe papo hapo usiwaachie wanaobaki. Ukihesabu Jumanne aliyofariki kuwa siku ya kwanza, siku ya arobaini inaangukia Jumamosi. Jumamosi zina ndoa nyingi, hivyo omba Misa ya asubuhi.